Mkaja Haupokelewi na Dada

Naikumbuka Ijumaa moja, mwanangu, nilipojifungia ndani ya banda la kuku kule Umm Salal, nje ya Doha, simu sikioni, nikiigiza sauti ya mwanamke mzee wa Korogwe. Na mwanamke huyo niliyekuwa namwigiza alikuwa ni mimi mwenyewe. Usicheke kwanza. Hakuna mtu anayeamka asubuhi akaamua kwenda kudanganya katikati ya kuku wa watu. Huko hufikishwa na uongo mdogo alioupanda zamani, akausahau, nao haukumsahau.

Nakueleza haya kwa sababu wiki iliyopita ulinijia hapa Al Mansoura na bahasha yako, ukaniuliza kama kuna ubaya kumfanyia mtu wa ofisi ya kazi kile alichokuomba, yaani upunguze miaka michache na usimtaje mtoto. Sikukujibu siku ile kwa sababu nyumba ilikuwa na wageni na mimi nikianza habari hii siimalizi kwa kikombe kimoja cha chai. Leo nimejaza birika.

Mimi nimezaliwa siku Tanganyika ilipopata uhuru. Mama alikuwa akisimulia kwamba uchungu ulimshika wakati mkunga amekwenda bomani kutazama bendera mpya ikipandishwa. Mkunga aliporudi, sauti imemkauka kwa vigelegele, alinikuta nimeshatoka zamani. Nchi nzima ilishangilia siku ile, kasoro mama yangu.

Sisi wa wakati ule hatukuwa na vyeti, tulikuwa na matukio. Azimio la Arusha lilinikuta naanza kung'oka meno ya utoto. Watu walipohamishiwa vijijini nilikuwa msichana wa kutumwa. Tulitolewa nyumbani jiko likiwa bado lina moto, nikatwishwa kinu, nikakibeba hadi kijiji kipya na shingo yangu ikawa haigeuki siku nne. Vita vya Kagera vilipokuja nilikuwa mwari. Watu walikuwa wakichangia chakula cha askari, na baba akatoa jogoo, akanipa mimi nimpeleke kwa katibu wa kijiji. Jogoo akanitoroka njiani. Nilimkimbiza nusu siku nzima kwenye mikonge ya watu, nalia, kwa kuwa nilikuwa na hakika kwamba nchi ikishindwa vita itakuwa ni kwa sababu yangu.

Wahujumu uchumi walipoanza kusakwa nilikwisha kuolewa. Mama mkwe wangu alikuwa na mche mmoja na nusu wa sabuni, akaogopa, akauzika shambani usiku, kisha akasahau alipouzika. Mvua ya kwanza ilipopiga, mihogo ikatoa povu. Na Rehema, mwanangu wa pekee, nilimzaa mwaka Rais wetu wa kwanza alipong'atuka. Mwaka huohuo baba yake Rehema naye akang'atuka, ila yeye hakuaga.

Nimelea peke yangu. Nimeuza maandazi, nimeuza mitumba, nimefua nguo za watu, hadi Rehema akamaliza shule. Mwaka Doha walipoandaa michezo ya bara la Asia, nami nikaenda Dar es Salaam kutafuta kazi ya huku. Mtu wa ofisi alinitazama kama anayechagua nazi sokoni. Akaniuliza umri. Nikamwambia arobaini na mitano. Akasema huko wanataka wasiozidi thelathini na tano, tena wasio na watoto wa kuwalilia. Basi akaninyoa miaka kumi na minne pale pale, kwa kalamu, bila maji wala sabuni. Rehema wakati huo ana miaka ishirini na mmoja. Kwa hesabu mpya ingekuwa nimemzaa nikiwa na miaka kumi. Akaniambia, "Huyo mfanye mdogo wako." Nikakubali.

Nikuambie kweli yangu yote: nilifurahi. Niliposhika pasi ile ya kusafiria nilijiona hata ngozi imenyooka. Nilitembea kutoka ofisini hadi kituoni nikinesanesa, mtu mzima na magoti yangu. Sikuwaza kwamba kwa pasi ile kinu nilikibeba kabla sijazaliwa, na jogoo wa vita nilimkimbiza nikiwa na miaka mitatu.

Nyumba niliyofikia ilikuwa ni ya watu wema, kule Umm Salal, nyumba kubwa yenye kishamba nyuma: mitende, mbuzi, na hilo banda la kuku. Kazi yangu ilikuwa kumhudumia mama mzazi wa mwenye nyumba. Wakubwa walimwita Umm Jasim. Mimi nilimwita Yumma, kama walivyomwita wanawe. Miguu ilikuwa imemchoka lakini kichwa kilikuwa kimekaa sawasawa. Naye hakuwa na tarehe ya kuzaliwa. Alikuwa akisema amezaliwa miaka ile lulu zilipokosa wanunuzi na watu wa pwani hii wakalala na njaa. Aliolewa kabla meli ya kwanza haijaondoka na mafuta. Ukimuuliza jambo lolote hataji mwaka, anakutajia tukio. Siku ya kwanza kumsikia nilihisi nimekaa na mama yangu.

Jioni tulikuwa tunakaa ukumbini yeye na mimi. Alinifundisha Kiarabu cha mbuzi na cha jikoni, nami nikamfundisha Kiswahili, akakishika hasa, tena kwa lafudhi ya Korogwe. Hadithi zangu alizipenda mno. Akichoka na televisheni anasema, "Mwajabu, nipe jogoo." Nampa jogoo. Kesho yake anataka kinu. Keshokutwa anataka sabuni, na nikifika kwenye povu anacheka mpaka namshika mgongo. Nilikuwa namsimulia kila kitu na sikukumbuka hata mara moja kwamba mimi ni mtu wa miaka thelathini na kitu. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa fupi na nilikuwa naifagia kila jioni.

Miaka ikaenda. Rehema naye akapata kazi ya hoteli huku Doha, akapanga chumba na wenzake hapa hapa Al Mansoura. Ijumaa yake ya kwanza akaja Umm Salal kunisalimia. Nilimpokea mlangoni, nikamwingiza ukumbini, nikasema kwa sauti ya kutosha, "Yumma, huyu ni mdogo wangu, baba mmoja mama mbalimbali." Rehema akanitazama. Kisha akainama akasema, "Shikamoo, dada," kama mtu aliyeuma ndimu. Nilimwambia baadaye avumilie, ni maneno tu, mkate wetu uko hapo. Akavumilia. Alikuja Ijumaa nyingi, na kila alipotoka "dada" lile liliniingia kidogo zaidi, lakini nilikuwa nimeshazoea kulimeza.

Sasa ukafika mwaka ule majirani wa Qatar walipofunga mipaka. Unaujua, hata kama hukuwapo umesimuliwa. Maziwa yalipungua madukani siku za mwanzo, watu wakabeba makatoni, kisha tukasikia kwamba wanaletwa ng'ombe kwa ndege. Umm Jasim alinifanya nimrudie habari ile mara tatu. Na katikati ya hayo Rehema akaja kuniambia amepata mchumba, Salimu, dereva, Mpemba mpole asiyejua kupiga kelele. Nilitaka kupiga vigelegele nikajizuia, kwa kuwa dada hapigi vya kiasi kile.

Rehema hakucheka. Alinivuta jikoni akaniambia, "Mama, watu wa Salimu wanaleta mkaja. Mkaja haupokelewi na dada."

Wewe wa siku hizi labda hujui. Mkaja ni kile kitambaa anachofungwa mzazi tumboni akishajifungua. Siku binti yake anapoolewa, upande wa mume humletea mama kitambaa kama kile, kumwambia kwamba tunajua huyu tunayemchukua alitoka wapi. Hapokei shangazi, hapokei jirani, hapokei dada hata awe amemlea. Anapokea tumbo.

Nikamwambia Rehema tufanye kimya kimya, anipe baadaye jikoni, nani atajua. Macho yakamjaa maji. Akasema, "Kama siku hiyo u dada, basi usije. Nitawaambia sina mama." Akaondoka bila kumaliza chai. Mwanangu, nimefiwa, nimeachwa, nimelala na njaa. Sijawahi kuumia kama nilivyoumia pale karibu na sinki.

Lakini woga nao ni mnyama. Niliwaza nikisema, mwenye nyumba atanirudisha kwetu siku hiyohiyo kwa pasi ya uongo. Na zaidi ya hilo niliona haya kwa Umm Jasim, aliyekuwa akiniachia funguo za makabati yake yote. Nikanyamaza. Mficha maradhi kilio humuumbua, nami kilio changu kilikuwa kinapiga hodi.

Umm Jasim akapata habari ya harusi, akafurahi, akataka kujua desturi zetu moja moja. Kwa mdomo wangu huu nikamweleza mkaja. Akauliza mama ya bibi harusi yuko wapi. Nikasema yuko Korogwe. Akasema, "Basi aletwe. Tiketi nampa mimi." Nikasema safari ni ndefu kwa mtu mzima. Akanitazama akaniambia, "Mwajabu, ng'ombe wameletwa kwa ndege. Mama ya bibi harusi atashindwa na nini?"

Hapo ndipo nilipoanza kukatiwa tiketi ya kuletwa mahali nilipo. Nikasema mama huyo ni mgonjwa. Nikapewa asali na uvumba nimtumie. Nikasema anaogopa ndege. Nikaambiwa ng'ombe hawakuogopa. Nikasema hana pasi. Akamwita mwanawe ili aulize zinapatikana vipi. Kila mlango nilioufunga aliufungua kwa mkono mmoja huku wa pili umeshika tasbihi. Mwisho akasema atampigia simu azungumze naye mwenyewe, mzee kwa mzee, amtoe woga.

Nilikuwa na laini ya pili. Nikampa namba ile. Siku ya Ijumaa, Rehema amekaa naye ukumbini, mimi nikasema nakwenda kuokota mayai.

Kwa hiyo nikawa bandani. Simu ikalia. Nikajikohoza, nikaivunja sauti, nikaitikia salamu kama bibi wa miaka mia. Umm Jasim, simu yake ameifungulia sauti ili na Rehema asikie, akanisalimia kwa Kiswahili changu mwenyewe, akanipa pole ya maradhi, akaniuliza kama asali imefika. Nikasema imefika, tamu sana. Akasema, "Mwenzangu, sisi wazee hatuna tarehe. Wewe umezaliwa lini?"

Ningesema sijui, yangekwisha. Lakini nilikuwa nimeulizwa hadithi, na mimi nikiulizwa hadithi sina breki. Nikampa mkunga na bendera na vigelegele. Akacheka. Akauliza, na vita je, vilikukuta wapi? Mwanangu, nilinogewa. Nikampa jogoo mzima mzima, na mikonge, na katibu wa kijiji, huku kuku halisi wakinisindikiza kwa kelele upande huu. Nilikuwa nimemfikisha jogoo karibu na kisima pale muadhini wa msikiti wetu wa jirani alipowasha kipaza sauti cha alasiri.

Muadhini yule alikuwa mzee mwenye kifua. Hakuanza kuadhini siku yoyote bila kukohoa mara mbili, kisha kupumzika, kisha mara moja tena. Mtaa mzima ulikuwa unakijua kikohozi kile. Kikapita dirishani kwa Umm Jasim, na kikapita kwenye simu yake, kwa wakati mmoja.

Umm Jasim akasema taratibu, "Mama Rehema, na huko Korogwe muadhini ana kifua?"

Nikasema ni upepo.

Akasema, "Toka bandani, Mwajabu. Chai inapoa. Na mayai usiyasahau."

Nilitoka na manyoya kwenye mtandio na yai moja mkononi, kwa sababu lile moja ndilo nililoweza kuliona kwa machozi. Rehema alikuwa amejifunika uso kwa mikono miwili. Umm Jasim hakupandisha sauti. Alinikalisha chini mbele yake, akanitoa unyoya begani, akaniambia umri wangu aliujua tangu mwaka wa pili, maana hakuna baba duniani anayemkabidhi mtoto wa miaka mitatu jogoo wa jeshi. Alikuwa akihesabu kwa vidole kila niliposimulia, na hesabu yake ilikuwa haijapishana hata mwaka mmoja. Na Rehema alimjua ni nani siku ya kwanza alipovuka mlango, kwa namna nilivyomnyoosha ukosi wa gauni kabla sijamtambulisha. Alikuwa ananisubiri nimwambie. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema ukweli wangu haukuwa wake.

Kisha akasema maneno ambayo nitazikwa nayo. "Njaa ikikukatia miaka, nakusamehe, nasi tumeijua njaa. Lakini mimi nimezaa tisa nikazika watano, na hao watano mpaka leo ni wanangu, nawataja kwa majina. Wako amekaa hapa anakunywa chai, na wewe unamwita mdogo wako?"

Akanyoosha kidole kwa Rehema, akasema, "Mwite." Nilifungua mdomo mara mbili, mara ya tatu ndipo likatoka, "Mwanangu." Rehema akaja akaanguka mapajani pangu, mwanamke wa miaka thelathini na miwili, mzito, goti langu likalia kwa sauti. Umm Jasim akasema goti hilo nalo lilikuwa limeshamwambia zamani.

Jioni ile nilikwenda mwenyewe kwa mwenye nyumba nikamweleza yote. Niliingia nina miaka arobaini na miwili, nikatoka nina hamsini na sita. Akasema pasi hiyo lazima nikainyooshe kwetu, na kwamba hawezi kumwachia mwanamke wa umri wangu kumnyanyua mama yake kila siku, ni aibu. Kazi ikaishia hapo. Nimewahi kuona watu wakipoteza kazi kwa wizi, kwa ugomvi, kwa kuchelewa. Mimi nilipoteza kwa kuzeeka miaka kumi na minne kwa alasiri moja. Lakini aliniacha nikae hadi harusi.

Harusi ilikuwa hapa Al Mansoura, ghorofa ya nne, chumba cha wenzake Rehema kimefungwa mashuka ya rangi ukutani. Umm Jasim aliletwa na mjukuu wake kwa kiti cha magurudumu, akawekwa mbele ya wote, amejifukiza udi hadi chumba kizima kikanukia. Akaingia mwanamke wa upande wa Salimu, sinia kichwani, akasimama katikati akauliza, kama desturi inavyotaka, "Mwenye mkaja wake yuko wapi?"

Nikainuka. Goti likalia. Wasichana wa hotelini wanaonijua kwa jina la "dada Mwajabu" wakageuka wote, wengine midomo wazi. Kabla sijasema neno, Umm Jasim akasema kwa Kiswahili cha Korogwe, "Huyu hapa. Amezaliwa siku ya bendera."

Vigelegele vikapanda. Kitambaa kilikuwa cheupe, kimekunjwa vizuri. Watu hukipokea tu wakakiweka; mimi nilikifunga palepale, juu ya dera, juu ya tumbo hili. Rehema alikuwa akinitazama kutoka kwenye kiti chake na wanja wote umemwagika. Nikajua kwamba miaka yote ile kumi na minne, ningeweza kuirudisha mara mia ili niinuke vile mara moja.

Nilikwenda nyumbani, nikahangaika na viapo na picha na foleni kwa miezi ambayo sitaki kukuchosha nayo. Nilirudi kwa mwaliko wa mwanangu, nimeandikwa mama yake, na siku ya kwanza nilikwenda Umm Salal kama mgeni. Nilipewa kahawa, na mimi ndiye niliyekalishwa. Umm Jasim akasema, "Nipe jogoo."

Basi, mwanangu, chukua bahasha yako na ulisikie hili. Mwambie huyo mtu wa ofisi kwamba miaka yako si nywele, ukinyoa haioti tena palepale. Inakuachia shimo, na kila anayekupenda atatumbukia humo. Ukifuta miaka umemfuta na uliyekuwa naye miaka hiyo. Ukikosa kazi hii kwa kusema kweli, itakuja nyingine, ndogo zaidi, nayo utaila umeinua uso. Ukimficha mtoto, mtoto huona. Mficha uchi hazai, walisema, nami naongeza: na aliyezaa asiufiche uzazi wake. Uliyemzaa mtaje kwa jina hata kama mlango utafungwa mbele yako, maana mlango wa kazi una dirisha, ila wa mwanao hauna. Na kama umeshadanganya, usingoje kukoholewa na muadhini. Toka bandani mwenyewe.

Mungu akupe miaka mingi, na akupe ulimi wa kuitaja yote. Akukutanishe na mwajiri atakayekupenda ulivyo, na mzee atakayekuhesabia kwa vidole bila kukuaibisha. Na siku watakapoingia na sinia kichwani wakauliza mwenye mkaja yuko wapi, akujaalie uwe hapo, hai na mzima, na goti likikulia mbele za watu, wewe inuka tu.